Barua ya Wazi kwa Ndugu Mhusika

Ndugu Mhusika,

YAH: OMBI LA KULETEWA WATALII WA SIKU MOJA, BANDARI YA KASANGA

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu.

Nakuandikia wewe moja kwa moja kwa sababu katika kila mkutano wa hadhara ninaohudhuria hapa Sumbawanga, kero yoyote ikitajwa, anayeahidiwa kuishughulikia ni Mhusika. Sijawahi kukuona. Ila kwa wingi wa kazi unazorundikiwa, naamini u mtu mkubwa sana.

Januari 2024 meli ya kitalii Norwegian Dawn ilitia nanga Dar es Salaam ikiwa na watalii zaidi ya 2,000. Desturi ya wageni wa aina hiyo tunaijua: wanashuka asubuhi, wanapiga picha, wananunua kinyago, wanakumbushwa saa ya kurudi, na jioni bandari inabaki na stori. Sisi watu wa Ufipa nasi tunaitaka hiyo stori. Siku moja tu inatutosha.

Ratiba tumeshaiandaa. Wageni watashuka Kasanga saa mbili asubuhi na kuanza na mabaki ya boma la Wajerumani. Enzi hizo mji uliitwa Bismarckburg, jina la bwana ambaye hakuwahi kukanyaga hapa, kwa hiyo utaona kwamba Kasanga kushughulika na wageni wasiofika si jambo la juzi. Kutoka hapo watapelekwa maporomoko ya Kalambo, maji yanakoruka zaidi ya mita 200 bila kupumzika, nusu yetu, nusu ya Zambia. Juu ya maporomoko hayo, upande wa wenzetu, wanasayansi walitangaza mwaka 2023 kwamba wamekuta magogo yaliyochongwa na kupachikwa pamoja, yenye umri wa miaka 476,000 hivi. Wao wanasema huenda lilikuwa jukwaa au njia ya kupitia. Mimi nashuku lilikuwa gati, na waliolibuni wazo hilo walikufa wakisubiri meli.

Mchana watapanda Sumbawanga, kilomita 112 za lami. Waje na makoti, Juni na Julai uwanda wetu hauna mzaha. Tutawalisha ugali wa ulezi kwa mgebuka, na wakiuliza maana ya jina la mji tutawaeleza kama tulivyoelezwa na wazee, kwamba ni amri ya kutupa uchawi. Wenzetu wa Dar hawaiamini amri hiyo. Ukisema umetoka Sumbawanga wanakuuliza kama umekuja kwa ungo. Natamani ingekuwa kweli, Ndugu Mhusika, maana ungo hauhitaji upembuzi yakinifu.

Najua utajibu kwamba meli kubwa kama ile haiwezi kuingia Ziwa Tanganyika. Hoja hiyo naikataa kwa heshima zote. Meli tunayoiita Liemba iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, katika kiwanda cha Meyer Werft, ikiitwa Graf von Goetzen. Wakaifungua vipandevipande, wakaipakia kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikasafiri kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kuingia majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata wenyewe wakaizamisha ili isitekwe, lakini kwanza wakaipaka mitambo grisi, matunzo ambayo meli nyingine hazipati hata zikielea. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Haya yote yalifanyika bila warsha hata moja ya wadau.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penye uchungu. Norwegian Dawn nayo ilitoka Papenburg, kiwanda kilekile, mwaka 2002. Kwa hesabu za kwetu hao ni ndugu tumbo moja. Siku mdogo anatia nanga Dar, dada yake mkubwa alikuwa Kigoma, miaka imempita akisubiri matengenezo, yeye aliyelibeba ziwa hili karibu karne nzima. Hakuna aliyeenda hata kumpa salamu.

Na abiria wake hawakuwa wa kinyago. Kipili, Wampembe, Kala, huko kote hakukuwa na gati la kumpokea, hivyo alisimama majini, mara nyingi usiku, akapiga honi, na mitumbwi ikamzunguka. Mtu alishukia mlango wa ubavuni, mtoto akipokezwa mkono kwa mkono, gunia la dagaa likifuata, kuku akilalamika kwa niaba ya wote. Watalii wachache wa kizungu waliokuwa wakipanda waliona ni burudani. Kwa mama wa Wampembe ilikuwa ni kwenda hospitali. Meli ilipokosekana, safari zile hazikufutwa, zilihamia kwenye maboti ya mbao, na ziwa hili likichafuka halijui nani amekuja kutembea na nani amekwenda kujifungua.

Kwa hiyo nimelipunguza ombi. Ile ya vyumba vya fahari ibaki baharini, kuifungua na kuipakia kwenye masanduku kutakusumbua. Tuletee meli inayopita kila wiki, yenye nauli ya mkulima na maboya ya kutosha, na itie nanga hata kama hakuna kamera. Lami imeshafika Kasanga na gati lipo. Kilichobaki ni kile tu kinacholifanya gati liitwe gati.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Abiria,
Sumbawanga.

Nakala: Nahodha wa meli yoyote itakayotangulia kufika.