Kumpeleka Mtoto Kijabe Ukianzia Wandegeya

Kwanza hakikisha wewe ni mmisionari. Najua, umezaliwa Mulago, umesoma Makerere, na mbali kabisa ulikowahi kufika kwa ajili ya Injili ni Mukono. Jikaze. Shule unayoitamani, Rift Valley Academy, iko Kijabe, Kenya, kwenye mteremko wa Bonde la Ufa. Africa Inland Mission iliianzisha mwaka 1906 ili watoto wa wamisionari wapate pa kusoma wazazi wakiwa kazini kwa Bwana, na mpaka leo hao ndio wanaotangulia foleni. Wewe uliyeletewa Injili simama nyuma yao, utabasamu.

Ukibanwa, mtaje Apolo Kivebulaya. Alitoka Buganda, akafika Mboga, Kongo, mwaka 1896, akafia huko 1933. Mmisionari asiye na shaka. Ila fomu za shule za namna hii huuliza shirika linalokutuma wewe, si marehemu, na kikundi chenu cha maombi hakina hata mhuri. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, wa LC1, akugongee wake. Uganda, barua isiyo na mhuri ni maoni ya mtu tu.

Matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, yafungie maelezo. Hapa kwetu mtoto akipata 4 tunakata keki, kwa sababu 4 ndiyo ya juu kabisa na 36 ndiyo ya mwisho. Mwalimu wa mtaala wa Kimarekani akiiona 4 hiyo bila maelezo atapiga magoti amwombee mtoto.

Barua ya pasta ni siri kati yake na shule, kwa hiyo atakuomba uiandike mwenyewe yeye atie sahihi. Jisifu kwa kiasi. Ukiandika kwamba unatoa zaka kamili, kalamu yake itasita.

Ada yao haiko kwa shilingi zetu. Usiigeuze kuwa shilingi ukiwa umesimama karibu na jiko la chapati za rolex. Mafuta yanachemka na miguu hulegea.

Sasa ushuhuda wa wokovu, na hapa ndipo Wandegeya inapokufaa. Jina la mtaa huu wa Kampala limetokana na endegeya, ndege mnana wafumao viota. Siku hizi wanaofuma ni vijana wa vibanda vya kuchapa na fotokopi: tasnifu, CV, barua za kuomba kazi.

“Ssebo, ni ya digrii au ya visa?”

“Ya wokovu.”

“Ipo. Kurasa ngapi?”

Ipo kweli, kwenye kompyuta, imebaki kubadilishwa jina. Isome kabla haijachapwa. Mke wangu aliokoka akiwa na miaka 9, darasa la Jumapili, na nusura atume ushuhuda wenye miaka kumi na miwili ya ulevi, mganga wa kienyeji na boda boda ya wizi. Bibi zetu walokole, wale wa uamsho wa miaka ya 1930, walisimama mbele ya watu wakataja dhambi, wakamtaja na mwenye kuku, kisha wakamrudishia kuku wake. Hakuna aliyewaambia wasizidi maneno 300. Mke wangu alifuta ulevi wote, akakaa kimya mpaka mwenye kibanda akaanza kutuhesabia dakika za umeme, halafu akaandika kuhusu shilingi 500 za sadaka alizopewa na shangazi yake wa Masaka akanunulia mandazi. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kusikia habari za mandazi hayo.

Mkiitwa kwenye mahojiano, weka akiba jambo moja la kuzungumza: Theodore Roosevelt aliweka jiwe la msingi la jengo la shule hiyo Agosti 1909. Desemba alipita Kampala akielekea Lado kuwinda kifaru mweupe, lakini jiwe alikuwa amekwisha kulitumia. Kufika huko, basi la Nairobi litakushusha njiani, kabla ya mjini. Beba sweta, Kijabe kuna upepo.

Sisi tulipomaliza kutuma, kijana wa kibanda aliomba abaki na faili la mke wangu. Alisema limetulia kuliko lile la zamani, na kuna mzee wa Kalerwe anayelihitaji kesho. Kwa hiyo ukifika pale ukapewa ushuhuda wenye mandazi ya sadaka, mfute shangazi wa Masaka, uweke wako.