Barua ya wazi kwa Mheshimiwa: ombi la kuurasimisha mshangao wa nyanya

Kumb. Na. NYANYA/MASALO/KILA MWAKA

Mheshimiwa mwenye dhamana ya mazao na masoko,

YAH: OMBI LA KUURASIMISHA MSHANGAO WA MSIMU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kama mlaji wa kachumbari, mlipa kodi na msikilizaji mwaminifu wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Kwanza nikupongeze kwa namna ofisi yako inavyoupokea msimu. Kila Aprili nyanya zinapoadimika Dar es Salaam, mnashangaa. Kila Septemba nyanya zinapomwagwa kando ya barabara kuu pale Ilula, mnashangaa tena. Watumishi wengine wakikaa kazini muda mrefu huzoea mambo, ninyi hamjazoea. Moyo wa namna hiyo ni adimu kuliko nyanya ya masika.

Kwa faida ya atakayehamishiwa ofisini kwako mwezi ujao, naomba nieleze ratiba yenyewe, maana haina siri. Mkoani Iringa mvua huanza mwishoni mwa mwaka na kukatika karibu na Mei. Wakati wa mvua ukungu na bakajani huishambulia nyanya, dawa iliyopulizwa asubuhi husombwa na mvua ya jioni, na njia ya kutoka shambani huwa tope tupu. Nyanya zinakuwa chache, bei inapaa. Mvua zikikata, kila mwenye bustani ya kinyungu bondeni anapanda, kwa sababu bei ya Aprili ameiona kwa macho yake. Wote wanapanda wiki zilezile, wote wanavuna wiki zilezile, na bei inaanguka wote wakiwa wamesimama shambani na matenga yao. Mtoto wa darasa la tano wa Kilolo anakuelezea haya bila kukohoa. Habari zikifika Dodoma ndipo zinapogeuka kuwa dharura.

Huku mjini ratiba hiyo tunaisoma kwenye fungu. Mama wa genge hapandishi bei, anaogopa maneno ya wateja. Septemba fungu lake ni la buku, lina nyanya nane, na akiwa na furaha anaongeza ya tisa. Aprili fungu ni la buku vilevile, lakini lina tatu, na ile yenye jeraha ameigeuza jeraha lielekee mezani. Ukimuuliza bei imepanda kwa kiasi gani, anakujibu kwa dhati kabisa kwamba haijapanda. Nashauri wataalamu wa mfumuko wa bei wapelekwe kwake kwa mafunzo kazini.

Mheshimiwa, nakupongeza pia kwa kulitunza tenga la mbao kama urithi wa taifa. Linajazwa hadi mdomoni, kisha nyanya zinapandishwa kichuguu, zinafunikwa nyasi na kufungwa kamba. Lumbesa hiyo. Dalali ananunua kwa tenga, hanunui kwa kilo, kwa hiyo kichuguu kizima ni sadaka ya mkulima kwa mtu asiyemjua. Matenga yanapangwa kwenye Fuso, moja juu ya jingine, gari linateremka Kitonga, linapita Mikumi, linasafiri zaidi ya kilomita 400. Tenga la chini linabeba dhambi za yote yaliyo juu. Alfajiri likifunguliwa sokoni, maji mekundu yanachuruzika sakafuni na nyanya za pembeni zina michirizi ya mbao ubavuni. Zilizopasuka zinatengwa, zinaitwa masalo, na mamalishe anazibeba kwa ndoo kabla jua halijachomoza. Hasara ya mkulima ndiyo rosti yetu ya mchana.

Naelewa kwamba Sheria ya Vipimo inakataza lumbesa, na kwamba ukomo wa gunia la mazao ni kilo 100. Naelewa pia kwamba kila kiongozi mpya huanza kazi kwa kupiga marufuku lumbesa mbele ya kamera. Lumbesa imeshawaaga viongozi wengi, na wote imewatakia kila la heri katika majukumu yao mapya.

Mwaka 2014 ulikuwa mwaka mkubwa kwa nyanya. Mwezi Juni, huko Malabo, Guinea ya Ikweta, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kwamba ifikapo 2025 upotevu wa mazao baada ya mavuno utakuwa umepunguzwa kwa nusu. Mwaka huohuo mdudu kantangaze, mwenyeji wa Amerika ya Kusini, alithibitishwa kuwamo nchini mwetu. Hakuwa na bajeti wala mshauri mwelekezi. Alianza na majani, akaingia kwenye shina, akatoboa tunda. Kati ya wageni hao wawili wa mwaka mmoja, ahadi na mdudu, ni mmoja tu aliyefika hadi ngazi ya kijiji. Baadaye tukapata na mkakati wetu wa taifa wa kusimamia mazao baada ya kuvuna, wa mwaka 2019 hadi 2029. Umehifadhiwa vizuri sana, haujaoza hata ukurasa.

Tatizo la nyanya, Mheshimiwa, ni ukosefu wa wazee wa kuisemea. Korosho ina bodi na mnada, inakaa ghalani kwa stakabadhi ikisubiri mnunuzi mwenye bei nzuri. Mahindi yakizidi, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula anaweza kuyanunua akayaweka. Hata ndizi zina soko linaloitwa Mahakama ya Ndizi pale Mabibo. Nyanya haina bodi, haina ghala, haina mahakama ya kukatia rufaa. Ikishaiva ina siku chache za kuishi, na haijui kusubiri kikao kiahirishwe. Wakati huohuo tufaa la Afrika Kusini linavuka mipaka kadhaa na kuuzwa kwenye mataa ya barabarani likiwa gumu, linang'aa, na kistika chake kifuani. Limefikaje hivyo? Limepozwa tangu lilipovunwa, likapangwa kwenye boksi la saizi yake, na hakuna aliyelikalia njiani. Nyanya ya Ilula haikutoka nje ya nchi, lakini inafika kama aliyevuka jangwa kwa miguu.

Kwa kuzingatia hayo, naleta maombi yafuatayo.

Kwanza, zitangazwe Siku mbili za Kitaifa za Kushangaa, moja Aprili na nyingine Septemba, ili posho za safari za kwenda kushangaa eneo la tukio ziingizwe kwenye bajeti mapema.

Pili, lumbesa itambuliwe kuwa kipimo rasmi, na mfano wake halisi uwekwe kwenye kabati la kioo, nyasi zikiwa juu.

Tatu, wakulima wanaomwaga nyanya barabarani wapangiwe zamu. Si vizuri wote wamwage siku moja, waandishi wa habari wakakosa pa kuegesha magari.

Iwapo maombi hayo yataonekana mazito, ninayo mengine mepesi. Mizani iwepo pale nyanya zinaponunuliwa, na biashara ifanyike kwa kilo. Kreti za plastiki zikodishwe kwa wakulima, ziende zimejaa na kurudi tupu, tenga lipumzike. Kila kituo cha kukusanyia mazao kiwe na paa, kwa kuwa nyanya iliyoshinda juani imeanza kuoza kabla Fuso halijawashwa. Bei za Dar es Salaam zitumwe kwa ujumbe wa simu kila asubuhi, mkulima azijue kabla dalali hajamsimulia hadithi. Maafisa ugani, kabla mvua hazijakatika, watangaze ni ekari ngapi zinatarajiwa kupandwa, ili wengine wahamie kwenye vitunguu au wasogeze tarehe. Na viwanda vya kusindika viingie mikataba na wakulima kabla ya kupanda, visisubiri bei ianguke ndipo vijitokeze kuwa wakombozi.

Najua haya ni madogo mno kwa ofisi kubwa. Mizani haina utepe wa kukata. Paa la mabati halihitaji mgeni rasmi. Kreti ikirudi tupu Ilula, hakuna anayeipigia makofi. Ila msimu hauna kosa lolote, Mheshimiwa. Unafika kwa wakati kuliko ofisi yoyote ya umma, na haujawahi kuomba kuongezewa muda.

Wako katika ujenzi wa taifa na kachumbari,

Mlaji,
Dar es Salaam

Nakala:
Dalali wa soko – kwa taarifa, ingawa bei ya kesho anayo tayari.
Mkulima, Ilula – ataisoma akimaliza kupuliza dawa.
Kantangaze – kwa utekelezaji, kama kawaida.
Mama wa genge – kwa kufungia pilipili.