Namna ya Kurudi Kanyenye na Kambare Usiyemvua

Kwanza tuelewane, ndugu yangu. Samaki humtaki. Samaki yupo sokoni, na mama watoto anajua bei yake kuliko wewe. Unachokitaka ni ile dakika moja ya jioni unapokatiza mbele ya baraza la kwetu Kanyenye, hapa Tabora, samaki mkononi, mkia unaburura vumbi, na wazee wanaacha kahawa yao ipoe. Dakika hiyo haiuzwi popote. Vifaa vyake ndivyo vinauzwa, na mimi nitakuonyesha wapi.

Sharti langu ni moja: usome. Mvuvi wa kweli anaweza asijue kitu na bado akabahatika. Wewe bahati hutaiona, maana hata ndoano hutaitupa majini. Itakubidi umjue samaki kuliko aliyemvua.

1. Usinunue chombo.

Najua umeona picha za Wazungu wa nchi za baridi. Mtu kakaa peke yake ndani ya kayaki ya plastiki, rangi ya chungwa, katikati ya ziwa lenye ukungu, anamfukuzia paiki: samaki mrefu, mdomo bapa, meno kama misumari, anayejificha kwenye majani na kuvamia wenzake ghafla. Umetamani. Sasa unaulizia bei ya kayaki na gharama ya kuisafirisha hadi Tabora. Acha.

Hapa kwetu vyombo vya majini vimekuwa vikipita nchi kavu tangu zamani, na havijamnufaisha mtu wa Kanyenye hata siku moja. Mpelelezi Burton alipoingia Kazeh, ndiyo Tabora hii, Novemba 1857, alikuwa njiani kutafuta ziwa, na mashua hana. Alikuwa nayo ya chuma, inaitwa Louisa, akaiacha pwani kwa kukosa wapagazi. Alipofika Ujiji akakodi mitumbwi kama watu wengine. Mpelelezi mwingine, Stanley, alikuwa mbishi zaidi. Mwaka 1874 aliondoka Bagamoyo na Lady Alice, mashua ya mbao iliyokatwa vipande ili ibebwe mabegani, na watu wakaibeba kweli hadi Ziwa Victoria, kisha Tanganyika. Wajerumani nao walijenga meli nzima huko Papenburg mwaka 1913, wakaifungua, wakaitia kwenye maelfu ya masanduku na kuyapitisha hapa Tabora kwa treni hadi Kigoma. Wakaiunga, wakaishusha majini mwaka 1915, na mwaka uliofuata wakaizamisha wenyewe. Waingereza wakaiibua mwaka 1924. Ndiyo Liemba unayoisikia.

Funzo la mashua zote hizo kwa mtu mwenye kipato chako ni kukodi mtumbwi. Tena usiukodi kwa siku nzima. Nusu saa inakutosha, kwa ajili ya kupiga picha.

2. Chagua samaki wa kukufaa.

Hapa usiwe na haraka, maana wengi ndipo wanapoumbuka.

Tabora ni mji mgumu kwa mwongo wa samaki. Reli ilifika hapa mwaka 1912, ikagota Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likamalizika mwaka 1928. Tangu hapo samaki wa maziwa mawili wanashukia stesheni moja. Juu ya hayo, Kanyenye ina nyumba ambazo babu yao alitoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Bibi wa nyumba kama hiyo akimtupia samaki wako jicho moja, anajua alizaliwa maji gani.

Kwa hiyo usilete mgebuka. Ni mzuri, mwembamba, anang'aa, nakubali, lakini duniani kote anaishi Ziwa Tanganyika peke yake. Ukisema umemvua bwawani Igombe, wazee hawatabishana na wewe. Watakuitikia tu, "Eee," kisha watageuzia mazungumzo kwenye mpira, na hiyo ndiyo aibu kubwa kuliko kuzomewa. Kuhe naye hali ni hiyohiyo: mwenyeji wa Ziwa Tanganyika, hana ndugu kwingine. Sangara na sato wa Mwanza wana kasoro nyingine, kwamba kila mtu ameshawaona wakishushwa kwenye barafu. Na usijaribu ule utani kwamba maji ya Ziwa Victoria siku hizi yanafika Tabora kwa bomba, basi sato naye umemkinga bombani. Utani huo umeshazeeka.

Na kama utashikilia kwamba ulikuwa safarini Kigoma na migebuka hii ni jasho lako, angalau tazama kalenda. Migebuka na dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa hiyo inafanya kazi gizani. Mbalamwezi ikiwa imejaa, wavuvi wanapumzika na kushona nyavu. Ukijisifu kwa uvuvi wa usiku wa mwezi mpevu, utakuwa umevua peke yako ziwa zima. Tena kuna miezi ya kuikwepa kabisa: mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Aliyejisifia migebuka ya Juni mwaka ule alikuwa anajipeleka polisi.

Wako ni kambare. Sikiliza sifa zake, utadhani aliumbwa kwa ajili yako. Yumo mitoni na mabwawani kwetu, kwa hiyo hana haja ya tiketi ya treni. Anavuta hewa ya juu, ndiyo maana huuzwa akiwa hai ndani ya beseni lenye maji kidogo, na ukimfunga kwenye gunia bichi atakaa saa kadhaa bila kufa. Fikiria: unafika barazani na samaki anayepiga mkia! Nani atauliza ulimnunua lini? Hana magamba, kwa hiyo hana alama za kukwanguliwa na wavu. Na wengi huvuliwa kwa ndoano, kwa hiyo tundu la mdomoni umeshatobolewa na mwenzako.

3. Ukimkosa kambare, chukua perege, ila mtengeneze.

Perege wa sokoni katoka kwenye nyavu. Mtazame nyuma ya kichwa: kuna mstari pale uzi ulipombana, na magamba yamelegea. Mpare sehemu hiyo kidogo ukiwa njiani, kisha mtoboe mdomo kwa ndoano, upande mmoja tu. Wapo wanaotoboa pande zote mbili kwa bidii. Samaki gani huyo aliyevuliwa mara mbili? Kagua na macho na mashavu. Jicho lililozama na shavu jeupe ni la samaki wa juzi, na wewe umesema leo alfajiri.

4. Jua eneo lako, hata kama hujalikanyaga.

Sema Igombe. Ni bwawa lenye heshima, mji umelinywa miaka mingi, na ni kubwa kiasi kwamba hakuna atakayesema alikuwepo pande zote. Usiseme Ugalla ili kunogesha. Lile pori la akiba limekuwa hifadhi ya taifa tangu 2019, na uvuvi wa kule si wa kujiamulia. Utakuwa umejitungia kosa ambalo hukulifanya, mbele ya mashahidi wanane na muuza kashata.

5. Chambo.

Beba kipande cha sabuni ya mche mfukoni. Mzee akikuuliza ulimvulia nini, kitoe taratibu, umwonyeshe, ukirudishe. Usieleze. Wanaojua wanajua kwamba kambare hula sabuni, na watakuheshimu papo hapo. Wasiojua watawauliza wanaojua, na hao ndio watakaokutetea. Minyoo kila mtoto anaifahamu, haina hadhi.

6. Picha.

Mtumbwi ubaki umefungwa kwenye kisiki. Kamba ipite upande ambao simu haioni. Kaa chini kabisa, magoti juu, kafi likiwa mapajani na limelowa. Kafi kavu limeshawaumbua wengi. Mpigaji asimame majini, ufukwe uwe nyuma yake. Kambare mnyooshe mbele, mikono iishie karibu na simu, vidole vifiche nyuma ya mwili wake. Samaki wa kilo moja atafunika kifua chako chote. Usitabasamu. Mvuvi aliyezoea hachekelei samaki mmoja.

Wale wa paiki wana kawaida yao hapa. Wanampima kwa rula, wanampiga picha, wanakaribia kumbusu, halafu wanamrudisha majini aende zake. Nilipoisikia mara ya kwanza niliona mwongo amefunguliwa milango ya mbinguni: samaki hayupo, na kutokuwepo kwake ni ushahidi wa wema wako! Lakini usiilete Kanyenye. Mtu mwenye watoto sita akisema amemshika kambare wa kilo tano, akamhurumia na kumwachia, hatahesabiwa kuwa mwongo. Ndugu watakaa kikao, watamtafutia dawa.

7. Kipimo cha uongo.

Kila samaki ana mpaka wake, na ukiuheshimu utadumu kwenye fani. Kambare anaweza kuvuka mita moja, kwa hiyo yule "aliyekatika" unaruhusiwa kumpimia mkono mzima, kuanzia begani. Perege asizidi sahani. Mgebuka hafiki nusu mita. Nimemsikia mtu akimpimia mgebuka kwa mikono miwili iliyofunguka, na hadi leo watani zake wakimwona wanafungua mikono kama wanaomba dua.

8. Siku ya mikono mitupu.

Itakuja. Soko halina kitu, beseni limekauka, na asubuhi uliaga kwa kelele. Hapo huhitaji samaki, unahitaji mkosaji. Usilaumu mvua, maana kambare hupenda mvua za kwanza na hupanda kwenye majani yaliyofurika kutaga. Mzee mmoja lazima atalisema hilo. Usilaumu mshipi, utaulizwa kwa nini hukununua mzuri. Laumu mamba, kama tu ulisema ulikwenda upande wa Malagarasi. Mto ule una rekodi. Mwaka 1871 Stanley alipokuwa akiuvuka kwenda Ujiji, mamba alimkamata punda wake shingoni na kwenda naye chini, watu wakishika kamba bila faida. Punda yule aliitwa Simba. Kama Simba alichukuliwa, chambo chako ni nini?

Plasta ndogo kwenye kiganja inasaidia pia. Kambare ana mwiba kwenye pezi la kifuani, na mchomo wake unauma kweli. Bandika plasta, kataa kuzungumzia.

9. Mgawo.

Samaki akishasifiwa, mpe mtu. Si wote, kichwa tu, na kiende kwa mzee mwenye maswali mengi kuliko wenzake. Mtu hawezi kunywa mchuzi wa kichwa cha kambare jioni, halafu asubuhi akadai kambare hakuvuliwa. Nyumbani usiseme bei, ila elewa kwamba mama watoto ameshaijua. Amenyamaza kwa sababu zake, na utazilipia mwisho wa mwezi.

10. "Jumamosi twende wote."

Atatokea. Mara nyingi ni shemeji, kijana, mwenye nguvu na pikipiki. Mkubalie hapohapo kwa furaha, kwa sauti, watu wasikie. Kisha panga: wiki ya kwanza kuna msiba, wiki ya pili maji yamechafuka, ya tatu mwenye mtumbwi amesafiri. Ya nne utakuwa huna la kusema, na pikipiki itakuwa mlangoni inanguruma saa kumi na moja alfajiri.

Nendeni. Panda kwanza, kaa nyuma, mpe kafi. Mwelekeze kwa kidole bila kusema neno: kulia, mbele, hapana, rudi, pale kwenye magugu. Mpe ndoano, mkatie sabuni kwa mkono wako mwenyewe, halafu vuta kofia usoni. Asipopata kitu, ana papara, vijana wa leo ndivyo walivyo. Akipata, mpokee samaki kabla hamjafika Kanyenye, umbebe wewe, na barazani umtambulishe shemeji kwa ukarimu: "Huyu kijana nimeanza kumfundisha."