Heri Waya Ukatike Jumamosi

Vilabu vya redio za ridhaa, popote duniani, hujinadi kwa maafa. Ukipita mezani kwao siku ya maonyesho utaambiwa kwamba iko siku simu zitanyamaza, stima itapotea, minara italala, na hapo ndipo yule bwana mwenye waya juu ya paa atakapotafutwa na nchi nzima. Maneno hayo si uongo. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, na Kenya ikakaa gizani kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alinusurika na kukabidhiwa watu wa wanyamapori, bila ya kuulizwa swali. Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga mahali palipokatazwa, ikaikata kebo ya TEAMS iliyovutwa kutoka Fujairah miaka michache tu kabla, na intaneti ikaanza kutambaa. Nchi inayoangushwa na tumbili na nanga ina haja ya mtu mwenye betri na waya wake mwenyewe. Hata hivyo, naona tangazo hilo linauza bidhaa isiyo sahihi. Maafa makubwa huja mara moja baada ya miaka, na huenda siku hiyo betri ya bwana huyo ikawa imeazimwa na jirani mwenye tuktuk. Faida ya klabu ya redio kwa watu wa ng'ambo za Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, iko katika mikosi yake midogo ya kila mwisho wa juma, na klabu yenye busara ingeianika mikosi hiyo mezani, mbele ya wageni.

Tuanze na waya. Antena ya kawaida ya 7 MHz ni waya wa shaba wa mita 20 hivi, uliokatwa katikati na kuunganishwa na kebo inayoteremka hadi kwenye mtambo. Vitabu vya huko ughaibuni hushauri ufungwe kwenye miti miwili mirefu. Kisauni mti mrefu ni mnazi, na minazi miwili haiyumbi kwa mapatano: kaskazi ikivuma, huu huenda bara na ule huenda baharini, na waya uliokazwa sana hukatika. Ukilegezwa, unakuwa wa kunguru. Kunguru wa Bara Hindi, ambaye Mombasa inamwona mara nyingi kuliko inavyowaona madiwani wake, hupenda kujengea kiota kwa vipande vya waya, na kwake antena ni duka la vifaa vya ujenzi lililoachwa wazi. Kunguru akiusamehe, chumvi ya bahari huula pale ulipoungwa, shaba ikageuka kijani na mawimbi yakaishia hapo. Chumvi nayo ikichelewa, yuko mnunuzi wa vyuma chakavu. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo baada ya minara ya umeme kuharibiwa na kuanguka. Ikiwa minara ya taifa haikupona, mita 20 za shaba zinazoning'inia Mtopanga bila mlinzi zina kinga gani?

Mikosi yenyewe ndiyo mwalimu, na mfano bora ni kamba iliyofungwa vibaya. Mawimbi ya masafa haya hayafuati barabara. Hupanda hadi kwenye tabaka la hewa lililochajiwa na jua, kilomita mia kadhaa juu yetu, yakapindwa na kurudi chini mbali na yalikotoka. Ndiyo maana mtu wa Likoni mwenye wati 100, nguvu ya balbu ile ya zamani, aweza kuzungumza na Maskati kwa raha zake huku mtu wa Voi hasikii hata mkwaruzo. Maneno yamempita juu ya kichwa. Sasa tuseme fundo limelegea, waya umeporomoka, uko kimo cha mtu aliyeinua mkono, na mbuzi wa jirani wanapita chini yake. Maskati imetoweka. Mwenye hasira hutangaza kwamba mtambo umekufa, akaanza kutafuta wa kumlaumu. Mwenye subira akirudi kwenye 7 MHz mchana wa jua, humsikia mtu wa Voi kana kwamba yuko Magongo, kwa kuwa waya ulio karibu na ardhi hurusha mawimbi wima, nayo huanguka jirani. Wanajeshi na waokoaji hutundika waya chini makusudi ili wapate hayo hayo. Mwanaklabu wetu ameyapata kwa fundo bovu, na hatayasahau, maana yamemgharimu asubuhi nzima na suruali moja. Siku ambayo mafuriko yatafunga barabara, anayehitajika ni mtu anayejua kwamba ili Voi ipatikane lazima waya ushuke. Elimu hiyo haipatikani kwa kusoma bango.

Wamarekani wanalielewa jambo hili kiasi cha kulifanyia sikukuu. Tangu 1933, kila Juni, wanaredio wao hutoka majumbani penye umeme safi, wakaenda kukaa porini na jenereta na mahema, wakijitakia shida kwa saa 24 ili waone kitakachoharibika. Ng'ambo zetu hazihitaji kwenda porini. Mtu anayevuka Likoni kila siku ni mhitimu tayari: anajua feri ikigoma afanye nini, tokeni ikiisha usiku anaamsha nani, na mvua ya vuli ikinyesha apite wapi. Kinachokosekana ni kuugeuza ustadi huo uwe kazi ya pamoja, yenye daftari na zamu.

Wapo watakaosema kwamba simu imemaliza maneno yote hayo. Simu ni jambo jema, lakini nyuma yake kuna mnara, nyuma ya mnara kuna stima na betri, na nyuma yake kuna kebo baharini, na hakuna hata kimoja ambacho mtumiaji anaweza kukipandia ngazi akakitengeneza. Wengine watauliza kama ninafanya mzaha na mambo ya vifo. Hapo nasema wazi: redio ya ridhaa isingewaokoa watu 272 waliokufa feri ya Mtongwe ilipopinduka tarehe 29 Aprili 1994, kwa kuwa kilichokosekana pale kilikuwa nafasi, si mawasiliano. Na baharini kazi hiyo ina wenyewe, kituo cha uratibu wa uokoaji kilichofunguliwa Mombasa mwaka 2006. Klabu inayojidai itaokoa kila mtu inajitafutia aibu. Ndiyo sababu nyingine ya kupunguza hadithi za ushujaa.

Kuna hofu ya ujasusi, na haina ajabu mahali ambapo kambi ya jeshi la majini iko hapo Mtongwe. Lakini fikirini kanuni zenyewe. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, kila mtu hupewa jina lake la hewani linaloanza na 5Z4, hulitaja kila anapozungumza, hueleza yuko wapi, na sheria za kimataifa zinamkataza kuficha maana ya anachosema. Jasusi wa namna hiyo angefutwa kazi kabla ya chai ya saa nne. Jirani naye hulalamika kwamba runinga yake imeganda dakika ya penalti. Mara nyingine ana haki, na klabu lazima iende kwake na kifaa cha kuchuja mawimbi na maneno matamu. Mara nyingi zaidi anayeumia ni mwanaredio: chaja za bei rahisi na taa za LED za mtaa mzima hunguruma katika kipokezi chake usiku kucha, na hana pa kushtaki. Kwamba huu ni mchezo wa watu wasio na kazi, namwachia marehemu Sultan Qaboos wa Omani ajibu. Alikuwa na nchi ya kutawala, na bado alikuwa hewani kwa jina la A41AA.

Mtu akikaa kusikiliza atagundua pia kwamba mazungumzo yenyewe yangemfaa mzee yeyote wa baraza. Wanaulizana hali ya hewa, mtambo wa nani ni upi, na mawimbi yanafikaje. Alama ya juu ya usikivu ni 59, na kila mtu humpa kila mtu 59, kisha akamwomba arudie jina kwa mara ya tatu kwa kuwa hakusikia. Kama vile kwetu mtu mwenye homa ya siku nne anavyojibu hajambo, kisha ndipo akaeleza anaumwa wapi. Ustaarabu huo tunao, haufundishwi.

Kwa hiyo klabu ikitaka kuwafikia watu, mahali pa kuanzia ni shule ya wasioona ya Likoni, maana hewani hakuna anayejua nani anaona na nani haoni, na sikio lililozoea kazi hushinda jicho. Wakati unaofaa ni Oktoba, maskauti wa dunia wanapokutana kwa redio kama walivyofanya tangu 1958. Viwekwe vituo viwili, kimoja Likoni na kimoja Kisauni, na waya wa kila kituo ukatwe makusudi usiku wa kuamkia siku hiyo. Atakayetaka kushika maikrofoni atafute kwanza ulipokatika. Mgeni rasmi naye asisamehewe. Apewe koleo, na hotuba yake aisome hewani, ambako desturi ni kutua kila baada ya maneno machache ili kumpa nafasi mwenye jambo la dharura.