Utukufu wa Mbwa Wawili wa Tumbo Moja

Simba yumo kwenye noti ya shilingi 2,000, faru kwenye ya 5,000, tembo kwenye ya 10,000. Hata sungura, mwizi wa kunde, aliwahi kupewa senti 50 aringe nayo. Mbwa, anayelinda hizo fedha usiku kucha, hajapewa hata sarafu moja. Dhuluma hii ndiyo inayodai maneno machache ya heshima kwa mbwa wa Kibaha na Kisarawe, hasa wale wanaolelewa wawili wawili, wa tumbo moja, chini ya uangalizi wa mtu mmoja mwenye jozi moja ya ndala.

Mtu huyo anajulikana. Kuanzia Kiluvya hadi Maili Moja, na kule vilimani Kisarawe karibu na msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, kuna viwanja vingi vya watu wanaoishi Dar es Salaam. Nyumba imeezekwa, madirisha yamewekwa, bado vigae. Ndani ya geti yumo kijana aliyeajiriwa kama shamba boi, akawa mlinzi, akawa na fundi bomba wa dharura. Jumamosi moja bosi anafungua buti ya gari na kutoa boksi. Wamo watoto wawili wa mbwa, kaka na dada, wenye matumbo ya minyoo na macho ya malaika.

“Nimechukua wawili wasijisikie wapweke,” anasema bosi.

Upweke wa kijana, ambaye majirani zake wa karibu zaidi ni kima wa msituni, haukuwa kwenye ajenda. Watoto wanapewa majina ya Kurwa na Doto, na tangu hapo kijana ana cheo cha nne: mlezi.

Fadhila kuu ya Kurwa na Doto ni umoja. Pale Kwa Mfipa, Kibaha, vyama sita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, yaani CCM, ANC, FRELIMO, MPLA, SWAPO na ZANU-PF, vilijenga kwa msaada wa China Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, ikafunguliwa Februari 2022, ili makada wapikwe pamoja. Hakuna ubaya. Ila mshikamano wenyewe unafundishwa uani, bure, saa kumi na moja alfajiri. Kurwa akishika ndala ya kushoto, Doto hagombei. Anachukua ya kulia. Hakuna kikao, hakuna akidi, hakuna posho. Mmoja anaanzia kisiginoni, mwingine mkandani, na kazi ikiisha hakuna ndala inayobaki kumlilia mwenzake. Mlezi akimwita Kurwa, anakuja Doto. Akimkaripia Doto, Kurwa anajilaza chali kuomba msamaha kwa niaba yake, na wakati msamaha huo unapokelewa, Doto anamaliza dagaa. Mmoja akikojolea mfuko wa saruji, mwingine haoni vyema kumwacha peke yake katika hali hiyo. Na akifungiwa mmoja tu usiku, wanalia wote wawili, wa ndani kwa sauti ya kwanza na wa nje kwa sauti ya pili, mpaka Kazimzumbwi nzima ipate taarifa.

Wataalamu wameshindwa kuuona uzuri huu. Mwaka 1965 Wamarekani wawili, John Paul Scott na John L. Fuller, walichapisha matokeo ya utafiti wao wa miaka mingi juu ya mbwa waliofugwa maabara kule Maine, wakaonyesha kwamba takribani wiki ya tatu hadi ya kumi na mbili ndiyo dirisha ambamo mtoto wa mbwa anajifunza nani wa kumzoea. Mbwa wawili wa tumbo moja wana jibu tayari: wa kumzoea ni huyu hapa. Binadamu anabaki kuwa mleta ugali. Walimu wa mbwa wa Ulaya na Marekani wameipa hali hiyo jina kama la ugonjwa, ingawa sayansi haijauthibitisha ugonjwa wenyewe, na dawa yao ni kuwatenganisha ndugu: kila mmoja bakuli lake, matembezi yake, mafunzo yake, na chumba chake cha kulala. Habari ya chumba itafika.

Fadhila nyingine zinajieleza zenyewe. Ni maofisa kilimo: pingili za muhogo zilizopandwa jana zinafukuliwa leo kukaguliwa kama zimeota. Ni wacha Mungu, wanaamka kabla ya adhana. Ulinzini hawana mchezo, mjusi hapiti.

Wanaeneza hata elimu ya dini. Asubuhi moja kule Kisarawe doti ya kanga ya jirani ilikuwa imeanikwa, vipande viwili, na mgawanyo ukawa wa haki. Waislamu wengi wa Pwani hufuata madhehebu ya Shafii, na humo mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Maji yanayofika Kisarawe hutoka Mto Ruvu, kwenye mtambo wa Ruvu Juu kule Mlandizi, yakasukumwa hadi Kibamba, kisha yakapandishwa vilimani. Safari yote hiyo ili kijana Mkristo kutoka bara asimame mbele ya beseni akihesabu hadi saba.

“Shikamoo mama. Naomba uniwie radhi.”

“Marahaba mwanangu. Hao mbwa wako hawana adabu.”

“Si wangu mama, ni wa bosi.”

“Bosi mimi simjui. Nakujua wewe.”

Hapo ndipo sifa zinapoanza kukwama kooni. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utotoni, makali kama sindano. Wawili wana 56, na yote yamejaribiwa kwenye miguu ya mtu mmoja. Mzaha ukae pembeni kidogo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, kupona karibu hakupo. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa watu hutoka kwa mbwa, na linaelekeza jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha mtu awahi chanjo, ambayo ni dozi kadhaa kwa tarehe tofauti. Dunia imejiwekea lengo la kumaliza vifo hivyo ifikapo 2030. Bosi amejiwekea lengo la “wiki ijayo”. Palepale Kibaha kuna Taasisi ya Chanjo ya Wakala wa Maabara ya Veterinari, inayotengeneza chanjo ya kideri kwa kuku na ya kimeta kwa ng’ombe, kwa hiyo mifugo imefikiriwa. Kijana akiuliza nani atalipia sindano zake yeye, simu inakatika. Kweli mtandao wa vilimani unasumbua, ila haujawahi kusumbua siku bosi anapotaka kujua mbwa wamekula nini.

Na wanakula vizuri. Chakula cha mfuko, kutoka nje ya nchi, kinapimwa kwa kikombe maalumu. Mlezi hapimiwi. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilimwekea mfanyakazi wa nyumbani wa kawaida, anayelala kwa mwajiri, shilingi 60,000 kwa mwezi, na wapo mabosi walioisoma kama onyo lisivukwe.

Sheria yenyewe inaijua hesabu ya mapacha. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mwajiriwa akijifungua mtoto mmoja anapata siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo. Akijifungua zaidi ya mmoja kwa mara moja, siku 100. Bunge liliona kwamba mtoto wa pili ni kazi, likaipima: siku 16. Kwenye viwanja vya Kibaha mbwa wa pili huhesabiwa kuwa zawadi kwa wa kwanza.

Sasa chumba. Usiku mmoja bosi alituma kwa WhatsApp video ya mwalimu wa mbwa wa Uingereza, na chini yake ujumbe wa sauti: “Dogo, sikiliza hii kitu kwa makini. Kila mmoja alale chumba chake, la sivyo watapata msongo wa mawazo.” Dogo alisikiliza akiwa amelala stoo, kati ya mifuko ya saruji na vipande vya bati vilivyobaki. Nyumba ina vyumba vinne vya kulala, vyote kufuli, funguo ziko Dar. Kesho yake bodaboda ikaleta funguo mbili ndani ya bahasha. Kurwa akapewa chumba cha wageni, Doto akapewa masta, yenye choo chake ndani, ambacho hakukitumia.

Kijana akaona bosi yuko katika siku za kuelewa. Akaandika ujumbe wa heshima, akianza na shikamoo, akaomba likizo, kwa kuwa sheria ileile inampa siku 28 kwa mwaka na mama yake anamuulizia.

“Sasa ukienda, nani atakaa na mbwa?” aliuliza bosi, kwa mshangao wa kweli kabisa.

Kisha akatuma 5,000 ya soda na kuomba picha. Ya mbwa.