Mjomba Hadaiwi

Meseji za kudai mchango wa harusi ya binamu yangu zilinijia asubuhi na jioni, mimi niliyekwishatoa 45,000 kati ya 50,000 nilizoahidi. Mjomba, aliyeahidi laki tatu na hajatoa hata senti, simu yake ilikuwa kimya. Alikaa barazani akituhimiza tujitoe.

Katibu wa kamati, kijana wa kompyuta, alikuwa amelikataa daftari. Wachangiaji wote aliwaingiza kwenye kanzidata ya PostgreSQL: safu ya ahadi, safu ya malipo. Baki hakuiandika popote; mashine iliikokotoa kila alipouliza, ahadi kutoa malipo. Hapo nampa haki yake, maana baki ya kuandikwa huwa uongo mara tu mtu akituma elfu kumi.

Ila kwa asiyetoa kitu, nafasi ya malipo aliiacha tupu. Sisi tunajua mfuko mtupu ni sifuri. Mashine haijui hivyo: kwake tupu ni NULL, yaani "sina habari", na laki tatu ukitoa "sina habari" unabaki na "sina habari". Alipoitisha orodha ya wenye baki inayozidi sifuri, Mjomba hakuwamo. Tena SUM huziruka hizo tupu bila hata kukohoa, kwa hiyo jumla ya madeni ikatoka ndogo ya kupendeza, mwenyekiti akafurahi na kuagiza matarumbeta.

Kikaoni ikaletwa safu mpya, ya asilimia: malipo kugawanya kwa ahadi, mara mia. Jina langu likasomwa: asilimia 0! Namba zote mbili zilikuwa nzima, na PostgreSQL ikigawanya namba nzima hutupa desimali. 45,000 kwa 50,000 ikawa 0, na sifuri hata uizidishe mara mia hainenepi. Mjomba, ambaye nafasi yake bado ilikuwa wazi, akanigeukia kwa huruma: "Mpwa wangu, hata kidogo hujatoa?"

Dawa ilikuwa fupi. COALESCE ikageuza tupu kuwa 0, na mia ikazidishwa kabla ya kugawanya. Mimi nikapanda hadi 90. Mjomba akatokea kileleni mwa wadaiwa, akatangaza kwamba kompyuta haziaminiki.

Ndugu mwanakamati, kabla hujanitumia meseji ya elfu tano, waite kwanza wale ambao baki yao inasomeka tupu. Laki tatu ziko huko.