Madoadoa ya Ng'ombe wa Mahari

Wakwe walitarajiwa saa nne asubuhi. Waliingia Tarime jua linazama, fuso lao limejaa tope hadi kwenye vioo, maana mvua ilikuwa imenyesha upande wa Mugumu na dereva akaamini njia ya mkato. Kwa ng'ombe wenyewe kuchelewa si kitu. Kwa mpiga picha ni balaa. Huku kwetu, hatua chache kutoka ikweta, magharibi haikawii: ukiingia ndani kuchukua kiti, ukitoka unakuta giza.

Na siku hiyo tulikuwa na wapiga picha wawili.

Wa kwanza ni shemeji, mume wa dada yangu mkubwa, aliyetoka Sirari na kamera mpya ya mkononi. Boksi lake lilizungushwa kwa wageni wote: megapikseli 20, zumu mara 30, kutambua tabasamu, panorama. Wa pili ni shangazi, mwalimu mstaafu, aliyekuja na Canon PowerShot G11 iliyochubuka pembe zote. Megapikseli 10, zumu mara 5.

"Shangazi, hiyo yako ni ya makumbusho," shemeji alimwambia, kwa heshima lakini kwa sauti ya kusikika.

"Ngoja jua lizame, mura."

Shangazi ana tabia ya kufundisha hata akiwa anamenya ndizi, kwa hiyo tulipata somo lote tukiwa jikoni. Mwaka 2008, alisema, Canon walitoa G10 yenye megapikseli 14.7. Mwaka uliofuata wakaja na G11 na wakashuka hadi 10, makusudi, ili picha za mwanga hafifu zipungue chenga. Kiwanda kupunguza namba yake chenyewe mbele ya wateja! Kisha akamgeukia shemeji: "Baba yako ana ekari mbili. Akiwagawia watoto kumi, kila mmoja atapanda mahindi. Akiwagawia ishirini, watapanda ugomvi." Ekari mbili zenyewe ni kile kihisi kidogo kinachopokea mwanga ndani ya kamera. Cha G11 kina upana wa milimita 7.6 hivi na kimo cha 5.7. Vya kamera nyingi za zumu ndefu kama ile ya shemeji vina milimita 6.2 kwa 4.6. Piga hesabu: pikseli moja ya shangazi ina eneo la mara tatu ya pikseli ya shemeji.

Shemeji hakupiga hesabu. Alikuwa anaipiga picha sufuria ya nyama kutoka uwanjani.

Ng'ombe wakateremshwa, wazee wakajipanga mlangoni mwa zizi kuhesabu. Shemeji akapiga picha ya kwanza na flashi. Fahali mmoja akaruka, akamkanyaga mdogo wake bwana harusi, akapindua debe la maziwa, akaelekea kwenye hema la wageni. Ilichukua nusu ya ukoo kumrudisha. Mzee wetu, ambaye hapaazi sauti ovyo, alisema maneno mawili tu: "Zima hiyo." Hata bila amri hiyo flashi isingesaidia, maana kwa kamera hizi ndogo mwako hufika mita chache tu, na ng'ombe wengi walikuwa ng'ambo ya zizi.

Basi wakapiga bila flashi. Shemeji akasimama kwenye kigoda, akavuta zumu hadi mwisho. Alichofanya pale, bila kujua, ni kufunga dirisha wakati wa kiza. Lenzi za namna hiyo zikivutwa mwisho hubaki na uwazi wa f/6 hivi, wakati shangazi, asiyevuta kitu, alikuwa na f/2.8, mwanga wa zaidi ya mara nne. Kamera ya shemeji ikaona njaa, ikajipandishia ISO hadi 3200. Kwenye kioo chake cha nyuma picha ilipendeza sana. Vioo hivyo ni vidogo, vinaficha mengi. Aliwaonyesha wakwe, wakampigia makofi.

Mambo yakatulia. Bibi harusi akaenda kwake. Kisha mtamba mmoja mweusi akaanza kuchechemea, akakataa majani, akawa wa kulala tu. Mzee akatuma ujumbe kwamba abadilishwe. Jibu likarudi upesi: yule wetu alikuwa na madoadoa, huyo mgonjwa mweusi mnamtoa wapi?

"Picha zipo," shemeji alisema, akaenda mjini steshenari kuzisafisha kwa ukubwa wa karatasi ya barua.

Kikao kikaitwa. Wakwe wakaja, safari hii mapema. Picha ya shemeji ikawekwa mezani, na kweli mtamba alionekana, amejaa fremu nzima, na ana madoadoa. Mekundu, ya kijani, na mengine ya zambarau. Wakwe wakaanza kupongezana. Mzee akavaa miwani, akaisogeza picha dirishani.

"Na mimi hapa pembeni, paji langu la uso lina madoadoa?"

Kimya.

"Na mbingu? Nayo mmeileta na fuso?"

Shangazi hakuweza kujizuia. Mwanga, alieleza, hufika kwa chembe, na chembe hizo hazifiki kwa mpangilio. Pikseli ikipata chembe 10,000, hesabu yake huyumba kwa 100 hivi, yaani asilimia moja, na jicho halioni kitu. Ikipata 100, huyumba kwa 10, asilimia kumi, na hizo ndizo chenga. Kupandisha ISO hakuleti mwanga hata tone, kunakuza kidogo kilichopatikana pamoja na myumbo wake. Baadaye kamera hujaribu kuzifuta chenga na kufuta manyoya pamoja nazo, ndiyo maana mkia wa mtamba ulionekana wa plastiki.

Shemeji akajitetea vizuri kuliko nilivyotarajia. Akakumbusha kwamba tulipomrudisha shangazi Mugumu tulipitiliza hadi lango la Ikoma, na ni zumu yake iliyomleta simba wa juu ya jabali hadi masharubu yakahesabika, wakati kwenye picha ya shangazi simba huyo ni kama kokoto. Kweli kabisa, na nadhani mchana wa Serengeti ningeazima ya shemeji bila kufikiri. Akaendelea: watafiti wa mradi wa Snapshot Serengeti, tangu 2010, walifunga kamera 225 mbugani humo, zinajipiga zenyewe mchana na usiku, picha nyingi zikiwa mbovu kuliko hii yake. Watu zaidi ya 28,000 wa kujitolea duniani wakazitazama kwenye kompyuta, na majibu yao yalipounganishwa yalilingana na ya wataalamu kwa asilimia 98 hivi.

"Hao waliulizwa ni mnyama gani," shangazi akasema. "Sisi tunaulizwa ni ng'ombe yupi."

Ikaletwa picha yake sasa. Safi, weusi ni weusi, paji la mzee linang'aa bila doa. Ila kwa zumu isiyovutwa lilikuwa limeingia zizi zima, mapaa mawili na mnazi wa jirani. Mtamba wetu alikuwa na ukubwa wa ukucha, na nusu yake ya mbele imezibwa na mgongo wa baba mkwe. Watu wa kwetu waliposema kuwa ule upande unaoonekana ni mweusi, baba mkwe akajibu kwamba madoadoa yalikuwa upande mwingine.

Aliyemaliza shauri ni kijana anayechunga. Alikuwa mlangoni akisubiri mabaki ya chai. Akasema mtamba yule alishuka kwenye fuso na chale ya sikio la kushoto, chale ya boma la wakwe, naye alimshika sikio hilohilo kumwingiza zizini. Wakaenda kumtazama. Baba mkwe alirudi ameshika fimbo yake kwa mikono miwili, akaomba siku chache za kuleta mwingine.

Mama hakuwa amesema neno kikao chote. Wakiaga, akawafuata hadi kwenye gari na sharti lake: atakayekuja kumuoa binti anayefuata, ng'ombe wake wafike kabla ya saa tisa alasiri, la sivyo walale kwenye fuso.